Albamu ya kantri kuhusu mapigano ya Alamo: mwongozo kamili, kutoka daftari mpaka masta

Nimetumiwa demo za albamu ya Alamo (ile misheni ya Texas iliyogeuzwa ngome, ambako waasi waliopigana na Meksiko walizingirwa 1836 wakauawa) mara nne sasa, na watu tofauti wenye sauti nzuri kabisa, na zote zinaanguka shimo moja. Trak ya kwanza inatuambia mwaka. Ya pili inatuambia jeshi la Santa Anna, rais na jenerali wa Meksiko, lilikuwa kubwa. Ya tatu mizinga inalia, na kufika ya nne watu wote wameshakufa na bado kuna trak saba za kujaza, basi hapo mtu anaanza kuimba ushujaa kwa jumla mpaka mwisho wa albamu.

Mimi kantri nimekua nayo, hapa Kenya redio zimeipiga miaka yote na mzee wangu alikuwa hakosi kipindi chake, kwa hivyo inaniuma nikiona mtu ametumia akiba yake studio na kitu kimekufa katikati. Nimeandika hii ili usirudie kosa hilo. Historia yote ya Texas sitaisimulia hapa, nitagusa tu kile utakachokitumia kwenye wimbo.

Jambo moja ulishike kabla ya yote: msikilizaji anajua tayari watu wa Alamo walikufa. Huwezi kumshtua na mwisho. Unachoweza kumpa ni kungoja, siku 13 za kungoja, akiwa ndani na wale watu, mpaka afike asubuhi ya mwisho akiwa hataki ifike.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Daftari na kalenda ya Februari na Machi 1836. Mwaka huo Februari ilikuwa na siku 29, usisahau, nimeona watu wakihesabu siku 12 wakaharibu mpango mzima.
- Ramani ya ile misheni ilivyokuwa 1836, hata uichore kwa mkono: kanisa, uwanja mkubwa, ukuta wa kaskazini, nyumba ndogo zilizojipanga kando ya kuta.
- Gita moja la akustiki lenye nyuzi za chuma, kapo (kibanio cha shingo ya gita), fidla, besi, na dramu ya kupigwa kwa brashi.
- Mtu anayepiga fidla kweli kweli. Hapa usibane pesa. Fidla ya kompyuta kwenye kantri inajulikana sekunde ya pili.
- Laptop, kadi ya sauti yenye matundu mawili, maikrofoni moja nzuri, hedifoni, na mablanketi mazito mawili matatu ya kuzuia mwangwi.
- Waimbaji angalau watatu, na mmoja lazima awe mwanamke. Sababu utaiona hatua ya 2.

Pedali stili, lile gita la kulazwa lenye pedali na sauti ya kuteleza, sijaiweka makusudi. Wapigaji wake huku kwetu ni wa kutafuta kwa tochi, na gharama itakumaliza. Chukua gita la kawaida, inua nyuzi pale shingoni kwa kijichuma, liweke mapajani upige kwa kipande cha bomba laini. Sauti yake ni chafu kidogo na kwa hadithi hii inafaa zaidi.

## Hatua ya 1: Jaza kalenda, siku kwa siku

Usiandike mstari hata mmoja wa wimbo kabla kalenda haijajaa. Andika tarehe 23 Februari mpaka 6 Machi, kisha weka tukio moja tu kwa siku, lile unaloweza kuliona kwa macho.

Tarehe 23, kengele ya kanisa la San Fernando mjini Béxar (San Antonio ya leo) inalia, mlinzi ameona wapanda farasi wa Meksiko. Siku hiyo hiyo bendera nyekundu inapandishwa juu ya kanisa, maana yake hakuna atakayeachwa hai, na walio ndani wanajibu kwa mzinga. Tarehe 24, William Barret Travis, wakili wa miaka 26 aliyekuwa kamanda, anaandika barua kwa watu wa Texas na Wamarekani wote duniani, anaifunga kwa maneno ushindi au kifo. Tarehe 1 Machi wanaingia wanaume 32 kutoka mji wa Gonzales, usiku. Tarehe 2 Machi uhuru wa Texas unatangazwa kule Washington-on-the-Brazos na walio ndani hawana habari. Tarehe 3 anarudi James Bonham, mjumbe wao, kwa farasi, katikati ya adui, na barua ya kuwaambia wavumilie, msaada unakuja. Usiku wa tarehe 5 mizinga ya Meksiko inanyamaza. Tarehe 6, kabla ya alfajiri, safu nne zinakuja.

Soma tena hiyo ya tarehe 2. Watu wanapigania nchi ambayo imeshazaliwa na wao hawajui, na watakufa bila kujua. Huo ni wimbo mzima tayari na hujaongeza kitu. Kalenda inafanya kazi hii, inakutolea vitu ambavyo ukianza na gita mkononi huvioni.

Onyo: ule mstari ambao Travis alichora mchangani kwa upanga ulichapishwa mara ya kwanza 1873, miaka 37 baadaye. Ukitaka kuutumia utumie, ni hadithi tamu, lakini mpe mhusika wa baadaye anayesimulia alivyosikia. Usiuweke mdomoni mwa mtu aliyeuona.

Umefaulu kama unaweza kumsimulia mtu siku zote 13 bila kutaja neno shujaa, na yeye akakuuliza halafu ikawaje.

## Hatua ya 2: Chagua midomo, sio mada

Hapa ndo demo zote nne zilianguka. Wimbo kuhusu vita ni mada. Wimbo wa mwanamke aliyekaa kanisani na mtoto mchanga akisikia mumewe yuko kwenye mzinga hapo juu, huo una mdomo. Kila trak iwe na mtu mmoja anayeongea, na huyo mtu awe anataka kitu.

Wengi wanawachukua Travis, Jim Bowie aliyekuwa kamanda mwenzake, na Davy Crockett, mwindaji na mbunge wa zamani wa Tennessee, basi. Wachukue, hata mimi ningewachukua, Bowie alikuwa hoi kitandani kwa ugonjwa wakati kisu chake kinajulikana kote, na hilo peke yake lina uchungu. Ila watu watatu hao hawabebi albamu. Nenda kwa hawa:

Susanna Dickinson, mke wa Almaron Dickinson aliyekuwa na mizinga. Alitoka hai na binti yake Angelina, akatumwa na Santa Anna apeleke habari. Habari aliipeleka Gonzales, mji ule ule uliotoa wale wanaume 32. Fikiria anaingia mjini na wanawake wanamtazama usoni.

Joe, mtumwa wa Travis. Alikuwa naye ukuta wa kaskazini Travis alipopigwa risasi mapema kabisa, na Joe akabaki hai. Meksiko ilitangaza kufuta utumwa 1829 na suala hilo lilikuwa ndani ya ugomvi wa Texas, kwa hivyo huyu kijana alikuwa amezungukwa na watu wanaolilia uhuru huku yeye ni mali ya mtu. Tarehe 21 Aprili 1837 alitoroka. Albamu ya Alamo isiyo na Joe mimi naihesabu haijakamilika, na usimfanye mtu wa pembeni anayemsifu bwana wake, mpe wimbo wake na hasira yake.

Gregorio Esparza, Mteksi wa asili ya Meksiko aliyekufa ndani, mkewe Ana na watoto wakiwa kanisani. Ndugu yake Francisco alikuwa upande wa jeshi la Meksiko. Maiti za walinzi zilichomwa moto, lakini Francisco aliomba ruhusa akamzika ndugu yake.

Askari wa Meksiko asiye na jina. Jeshi lile lilitembea mamia ya maili wakati wa baridi na theluji iliwapiga njiani, wengine walilazimishwa tu kuingia jeshini. Yeye anataka kurudi nyumbani kama yule aliye ndani.

Juan Seguín, aliyetumwa nje na ujumbe kabla ya mwisho akapona kwa sababu hiyo. Februari 1837 alirudi akayazika majivu kwa heshima za kijeshi.

Umefaulu kama ukisoma mistari miwili ya wimbo wowote bila muziki, mtu anatambua nani anaongea.

## Hatua ya 3: Andika ubeti mmoja, uuvunje, uuandike tena

Nikuonyeshe kwa karibu. Huu ni ubeti wa aina ninayotumiwa:

*Mwaka elfu moja mia nane thelathini na sita,*
*Santa Anna alikuja na jeshi kubwa la vita.*

Vina vipo, sita na vita, lakini jaribu kuuimba. Pumzi inaisha kabla hujafika sita, na ukifika umepata tarehe tu. Tarehe ni kazi ya maelezo ya albamu, mdomo uachie mtu.

Sasa mchukue Francisco, asubuhi ya tarehe 6, amesimama mbele ya wakubwa wake. Anataka nini? Mwili wa ndugu yake. Atamtambuaje kati ya maiti zote zile?

*Jenerali, nipe ndugu,*
*shati lake nalijua,*
*sioni uso kwa vumbi,*
*vifungo navitambua.*

Mizani nane kila mstari, kina cha -ua mstari wa pili na wa nne, basi. Vifungo nimevibuni mimi, na hiyo inaruhusiwa: tukio ni la kweli, kitu kidogo cha mkononi unaongeza wewe. Usichoruhusiwa ni kubuni tukio, mfano kumfanya Francisco ndiye aliyemuua ndugu yake ili wimbo uumize zaidi. Unaumiza hivyo ulivyo.

Kibwagizo kiwe kifupi na kirudi na maana tofauti. Kwa huyu ningetumia "nipe ndugu" tu. Mara ya kwanza anamwambia jenerali, mara ya pili anaiambia ardhi, mara ya tatu anamwambia mama yao. Maneno mawili yale yale na kila mara yanazidi uzito, hapo ndipo kantri inaishinda miziki mingi.

Kama unaimba Kiswahili, usilazimishe lafudhi ya Texas. Kama unaimba Kiingereza pia usilazimishe. Sauti ya kuigiza kwenye wimbo wa msiba inasikika kama mzaha na hawa watu walikufa kweli.

## Hatua ya 4: Tuni na ala

Kodi tatu zinatosha nyimbo nyingi, G, C na D, na kapo ikusaidie kusogeza ufunguo kulingana na mwimbaji. Tofauti ya nyimbo uilete kwenye mwendo. Susanna mpe mwendo wa robo tatu (moja-mbili-tatu), polepole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Wanaume wa Gonzales wape mwendo wa treni, brashi kwenye dramu, manake wanakwenda, na msikilizaji aliyejua mwisho atasikia huo mwendo unavyotisha.

Tuni za zamani za fidla ambazo hazina mwenyewe ni hazina. Jimmy Driftwood, mwalimu wa shule kule Arkansas, alichukua tuni ya fidla iliyopewa jina la tarehe 8 Januari akaitia maneno kuhusu mapigano ya New Orleans ya 1815 ili wanafunzi wake wapende historia, na 1959 Johnny Horton akaupeleka wimbo huo namba moja Marekani. Angalia pia nani anasimulia mle: askari wa kawaida.

Sasa onyo kubwa, hili litakuletea barua ya wakili. Inasimuliwa kwamba tarumbeta za Meksiko zilipiga Degüello, mlio wa kutangaza hakuna huruma. Ule muziki wa tarumbeta wenye huzuni tamu ambao kila mtu anaudhani ndio wenyewe ulitungwa na Dimitri Tiomkin kwa ajili ya filamu ya Rio Bravo ya 1959 na ukatumika tena kwenye The Alamo ya 1960. Una mwenyewe, na sio wa 1836. Tarumbeta ya jeshi ya wakati ule haikuwa na vitufe, ilitoa noti chache tu za kupanda na kushuka. Tunga mlio wako kwa noti nne tano, mpe mtu mmoja aupige akiwa mbali na maikrofoni, mlango wazi, chumba cha pili. Utasisimka mwenyewe.

Na ala za kisasa zisikusumbue roho. Gita la stili halikuwepo 1836, sawa, lakini albamu ni kantri na kantri ina sauti yake. Kanuni yangu: ndani ya wimbo piga unachotaka, ila sauti za mahali, yaani kengele, farasi, moto, ziwe zinazoweza kusikika siku hiyo.

## Hatua ya 5: Panga trak

Trak 13 pamoja na zile fupi, dakika 38 hadi 42. Ukizidi hapo unamchosha mtu kabla ya tarehe 6, na ukitaka kutoa sahani ya santuri kila upande una kama dakika 20 za sauti nzuri.

Mpango wangu ni huu. Anza na kengele na fidla pekee, sekunde 50. Kisha barua ya Travis, kisha Bowie kitandani, kisha askari wa Meksiko kwenye theluji (muweke mapema, ukimchelewesha anaonekana ni wa kuomba radhi). Baada yake wanaume wa Gonzales, halafu Crockett na fidla yake, anasimuliwa kuwa alikuwa akiwachezea wenzake, huu uwe wimbo pekee wa kucheka kwenye albamu nzima na watu wapige makofi studio. Kisha uhuru uliotangazwa bila wao kujua. Kisha Joe.

Halafu kimya. Usiku wa tarehe 5 mizinga ilinyamaza na watu waliochoka siku 12 wakalala. Weka trak ya dakika moja na nusu, wadudu wa usiku, mtu anakohoa, uzi mmoja wa gita. Prodyuza atakwambia uitoe. Usiitoe.

Mapigano yenyewe yawe trak fupi kuliko zote zenye maneno, chini ya dakika mbili. Shambulio la kweli lilianza kama saa kumi na moja na nusu alfajiri, na dakika 90 hazikutimia lote limeisha. Kama watu 200 ndani, karibu 1,800 wanakuja. Ukilirefusha inakuwa filamu. Likate katikati ya neno.

Baada ya hapo Francisco na ndugu yake, Susanna anaingia Gonzales, na Seguín na majivu. San Jacinto, ambako Wateksi walishinda kwa dakika 18 tarehe 21 Aprili wakipiga kelele ya kuikumbuka Alamo, mimi siiweki. Ukiweka ushindi mwishoni unawaambia wale wajane wa Gonzales deni limelipwa.

## Hatua ya 6: Rekodi

Gita na sauti pamoja, mtu mmoja, maikrofoni moja, kama sentimita 30 kutoka mdomoni, mablanketi nyuma yake. Sababu ni kwamba hadithi inahitaji mtu apumue pale anapopumua, ukimtenganisha na gita lake anaanza kuimba kwa saa ya mashine. Chukua mara tatu, zisizidi tano. Fidla na besi ziongezwe baadaye wakimsikiliza yeye.

Rekodi nyimbo kwa mfuatano wa hadithi, usiruke ruke. Waimbaji wanachoka kidogo kidogo na uchovu huo ndio unautaka ufikapo tarehe 5.

Faili ziwe biti 24, na nakala mbili mahali pawili kabla hujalala. Nilishapoteza wimbo mzima wa mtu kwa uvivu wa usiku mmoja, na mwenyewe hakuweza kuurudia vile.

## Hatua ya 7: Miksi na viunganishi

Sauti ya mwimbaji juu, kila neno lisikike, hii ni hadithi. Usibane sauti mpaka trak ya usiku ilingane na trak ya mapigano, manake umeua kazi yote. Majukwaa ya kustrimu yanashusha nyimbo zenye kelele hata hivyo, kwa hivyo hupati faida.

Nafasi kati ya trak ipange kwa mkono. Crockett anapomaliza, kicheko kiingie kwenye wimbo unaofuata. Kutoka mapigano kwenda Francisco weka sekunde sita za kimya kamili, hesabu moja mpaka sita kwa sauti uone zilivyo ndefu.

## Hatua ya 8: Kava

Kila mtu anachora kanisa la Alamo na ile paji ya juu yenye umbo la mviringo. Hiyo ilijengwa na jeshi la Marekani 1850. Mwaka 1836 kanisa halikuwa na paa wala hiyo paji, juu lilikuwa gofu tu, na nyuma kulikuwa na mteremko wa udongo wa kupandishia mizinga. Mchoraji wako mwambie mapema, mtu wa San Antonio akiona kosa hilo hatafungua hata trak ya kwanza. Majina ya Esparza na Seguín yaandikwe na alama zake sawasawa.

Ukimaliza, mchukue mtu asiyejua chochote kuhusu Texas, mweke kwenye gari usiku, safari ya dakika 40, usiseme neno. Kwenye trak ya kimya mtazame mkono wake. Akiunyoosha kwenye redio kuongeza sauti, apate kusikia kama kuna kitu kinakuja, peleka masta kiwandani. Akichukua simu yake, rudi hatua ya 2.